Betri ya Tano ya Mtani Wangu

Kabla hujaendelea kusoma, vua pete. Saa ya chuma nayo vua, mkufu utie mfukoni. Najua unasoma tu, hujashika betri, lakini mimi nimestaafu juzijuzi na ulimi bado unatoa amri wenyewe. Miaka yote niliyokaa kwenye banda langu la kuchaji betri pale Mafiga, sikumruhusu mtu kusogea mezani na chuma mwilini. Alikuja bwana harusi mmoja, mpya kabisa, akagoma. Akasema mkewe kamwapisha asiivue pete hata akioga. Nikamwambia hongera, basi kaa huko mlangoni. Hakukaa. Akasogea kunisaidia, maana wanaume wakimwona mwanamke ameshika spana wote hugeuka mafundi. Spana yake ikagusa kichwa cha chanya, pete ikagusa spana huku upande wake wa pili umeegemea hasi, na pete ikawaka nyekundu ikiwa kidoleni. Hospitali waliikata. Ndoa ipo hadi leo, kovu lipo, pete haipo, na mkewe akinikuta sokoni hanisalimii.

Mimi yangu niliitundika kwenye msumari kila asubuhi na kuivaa jioni. Majirani wakasema Mama Kulwa huachika kila kukicha na kuolewa tena magharibi. Marehemu mume wangu aliyapenda sana maneno hayo. Alisema yeye ndiye mwanamume pekee mjini anayefunga ndoa kila siku bila kuchinja mbuzi.

Sasa volti, maana ndizo zinazowaleta mpaka nyumbani kwangu. Wote mnauliza jambo lile lile: mama, nikiongeza betri moja kwenye skuta yangu ya umeme, itakimbia? Nijibu upesi ili wenye haraka mwende zenu. Itakimbia. Haya, wenye haraka wameshaondoka, tubaki wenye akili.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Mbaraka, aliyekuwa akichaji betri za matrekta kwenye shamba la mkonge ambako baba yangu alikuwa mkataji. Mzee Mbaraka alikuwa mtu wa pua. Vipimo alikuwa navyo, haidromita ya kupima maji ya betri alikuwa nayo, lakini kwanza alinusa. "Mwanangu," aliniambia, "betri ikinuka yai viza imeshiba kupita kiasi na bado unailisha. Zima chaji ukutani, usichomoe waya kwenye betri, cheche itakumaliza. Fungua madirisha. Na mwenye sigara mfukuze hata kama ni mkwe wako." Siku moja alimfukuza kweli mkwe wake, na sigara ilikuwa bado haijawashwa. Nilipomuuliza, alisema alikuwa ameitafuta sababu hiyo muda mrefu.

Enzi hizo hatukuwa na skuta za umeme. Tulikuwa na betri za magari ambazo watu wa mlimani waliziteremsha kichwani ili waone mpira kwenye televisheni. Ijumaa foleni ilifika barabarani. Aliyebeba betri ndiye aliyekaa mbele siku ya mechi, na chaji ikikata kabla ya kipindi cha pili, ndiye aliyetukanwa. Nami nilitukanwa naye, japo sikuwa na timu. Kisha umeme ukapanda mlimani, zikaja paneli za umeme wa jua, nikadhani kazi imekwisha. Ndipo zikaja skuta.

Hizi skuta nyingi za hapa mjini zina betri nne za volti kumi na mbili. Chanya ya hii imeungwa kwenye hasi ya ile, zote nne zimefuatana, ukipima mwanzo hadi mwisho unapata arobaini na nane. Ukiongeza ya tano unapata sitini, na mota inapopewa sitini inachangamka. Wajanja wakaweka swichi: kawaida unatembelea nne, ukitaka kuwapita wenzako unageuza, ya tano inaingia. Na mpaka leo waendeshaji wake wanasema "kuvuta mafuta", na chombo chenyewe hakijawahi kunusa petroli.

Sikatai mambo hayo. Nimefunga swichi hizo nyingi tu, na wenyewe wapo hai, wananipigia honi. Lakini kuna adabu yake. Kontrola, kile kiboksi kinachogawa umeme kwenda kwenye mota, kama kimetengenezwa kwa arobaini na nane ukikimwagia sitini kitakufia mkononi, kwa hiyo unatafuta chenye kuvumilia zote mbili. Na swichi yenyewe lazima iwe ya kuachia kwanza, ndipo ishike. Ikiishika ya pili kabla haijaiachia ya kwanza, kwa muda huo mdogo betri ya tano inakuwa imeunganishwa kichwa chake na mkia wake, inajila yenyewe. Nimewajua wanaume wenye tabia ya swichi hiyo mbovu, na nyumba zao pia zilitoa moshi. Halafu usigeuze huku umevuta mafuta. Achia mkono, geuza, ndipo uvute.

Breki nazo mjue hazikuambiwa kwamba mmeongeza volti.

Kinachowashinda wengi ni kuchaji. Betri ya tano ni mgeni. Wenyeji wanne wamelima tangu alfajiri, yeye kaitwa jioni akashika jembe kidogo tu. Mkirudi nyumbani unawachaji wote watano kwa chaja moja. Wanne wana njaa, mgeni ameshiba, na chaja haijui nani ni nani, inawapakulia wote sawa. Mgeni anavimbiwa. Ndiyo maana ya tano huchajiwa peke yake, kwa chaja yake, na mtu mwenye macho awe karibu.

Mambo hayo yote nilimweleza Idi. Idi alinisikiliza vizuri sana, akacheka sana, akaondoka. Sasa ili mwelewe kwa nini alicheka, lazima niwaambie mimi ni nani kwake.

Baba yangu alitoka Tabora. Mimi nimezaliwa hapa hapa Morogoro, lakini kwa Waluguru mimi ni Mnyamwezi na nitazikwa Mnyamwezi, yaani mtani wao. Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mama yako, kuchukua kuku wako bila kuomba, na kuja kwenye msiba wenu akazima moto wa jikoni au akajilaza njiani jeneza lisipite, mpaka apewe chochote. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Nimeshavaa koti la marehemu nikatembea kwa mwendo wake mbele ya mjane, na mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Kazi hiyo ndugu hawezi kuifanya, mtani tu.

Idi alikuwa mtani wangu mkuu. Kijana wa huko juu, kwenye mteremko ambako lami inachoka na kuwaachia mawe. Kila asubuhi alimshusha mama yake, Bi Zainabu, na mizigo yake ya karoti na ndizi mpaka sokoni, kisha akaenda kuwania abiria wanaoshuka kwenye mabasi pale Msamvu. Yeye pekee kijiweni kwao alikuwa na skuta ya umeme. Wenzake wa petroli walimpita wakicheka na kumwita Friji, kwa sababu kila mchana lazima achomekwe ukutani. Mahali pa kuchomekwa palikuwa bandani kwangu.

"Mnyamwezi, bado hujafa?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Nife nani akuzike, Mluguru wewe mwenye mguu mmoja mfupi? Nenda kalime mteremko wako uanguke."

"Heri kuanguka shambani kwangu kuliko kubeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani."

Wateja wageni walidhani tunagombana. Kuna mchungaji mmoja alitupatanisha kabisa, akatuombea, nasi tukasema amina.

Basi Idi akaniambia amechoka kuitwa Friji, anataka ya tano. Nikamwambia nitakufungia, lakini kontrola na swichi ya kweli mtu wangu ataleta kutoka Dar, subiri. Na breki ubadilishe kwanza. Akasema sawa. Baada ya siku chache akaingia bandani kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao, breki zikalia mpaka mbuzi wa jirani akakimbia. Kwenye usukani kulikuwa na kitu cheupe cha plastiki.

"Hiyo nini?"

"Swichi."

"Ya feni?"

"Feni ilishakufa, mtani. Swichi ilikuwa nzima. Ona, ina moja, mbili, tatu. Skuta gani nyingine mjini hapa ina gia?"

Nikaigusa, ilikuwa ya moto. Swichi ya feni ni ya kuwabembelezea usingizi watu, si ya kubeba umeme wa mota. Na ile aina yake ya kuzungusha ilikuwa inashika huku kabla ya kuachia kule, nilisikia ikitafuna cheche ndani. Kontrola ilikuwa ile ile ya zamani, sijui ilivumilia kwa dua ya nani. Nikauliza betri ya tano iko wapi. Akafunua mto wa sponji uliokuwa nyuma ya kiti chake. Betri ilikuwa kwenye kreti ya soda, imefungwa kwa mpira wa tairi, na juu yake ndipo alipokuwa akimkalisha mama yake.

Bi Zainabu alikuwa anajivuna kweli. Nilimkuta sokoni akiwasimulia wenzake: "Nakalia umeme, jamani. Kiti kina joto hilo! Kiuno kilikuwa kinanisumbua tangu masika, sasa kimepona."

Betri isiyo na ugonjwa haipashi mtu kiuno.

Nikakataa kuichaji bandani kwangu, Idi akaenda kuichaji kwingine, nikamfuata kijiweni. Nikamwambia, mbele ya watu, "Hiyo itakuua. Itakuua wewe na mama yako." Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Idi akanishika bega, akasema, "Mtani, umeniahidi kifo tangu tulipojuana. Sasa fanya basi, maana naona unachelewa."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, vijana wangu. Nilikuwa nimemwambia atakufa kila siku iendayo kwa Mungu. Nilimwambia atakufa akinywa chai, akipiga chafya, akinunua viatu. Nilipotaka kumwambia kweli, sikuwa na maneno mengine. Nikamtuma fundi wa pikipiki wa jirani amwambie. Akaenda, akasema, "Mama Kulwa anasema utaungua," na yeye mwenyewe akaanza kucheka kabla hajamaliza, maana naye ni Mluguru. Nikamwambia Bi Zainabu. Akanitazama kwa huruma. "Wivu huo, Mnyamwezi. Nyie kwenu mizigo mlibeba kwa miguu, ukiona mama wa Kiluguru kakalia umeme roho inakuuma." Wauza nyanya wakanipigia vigelegele.

Siku hizo nilikuwa silali vizuri. Kila skuta ikipita kimya barabarani nilikuwa nageuza shingo kuona kama ni wao.

Ndipo mjomba wake Idi akafariki, kaka yake Bi Zainabu. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno kubwa katika ukoo, kwa hiyo mlima mzima ulikuwepo, nami nilipanda kufanya kazi yangu ya utani. Niliifanya vizuri. Nilivaa kofia ya marehemu, nikachechemea kama yeye, nikadai nirudishiwe jembe ambalo alimuibia babu yangu kabla babu yangu hajazaliwa. Wafiwa walicheka. Wanaume wakachukua jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki nyuma ya nyumba na masufuria, kuni zinawaka, vikongwe wamekaa kwenye mkeka kando ya ukuta wakimenya vitunguu. Bi Zainabu alikuwa katikati yao.

Mara mtu akasema, "Nani kaleta mayai?"

"Mayai gani?"

"Kuna yai viza hapa. Hamsikii?"

Wakaanza kutafuta. Wakafunua vikapu, wakanusa unga, wakamnusa mpaka bata wa watu aliyekuwa anapita. Bi Zainabu akasema labda ni mimi, Wanyamwezi hawaogi. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimsikia Mzee Mbaraka kabisa, nikafuata pua.

Skuta ya Idi ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuma tu ya ule mkeka. Alipofika asubuhi aliichomeka, waya umepita dirishani kuingia ndani, chaja moja inawalisha wote watano, naye akaenda kuzika. Nikainua mto wa sponji. Betri ya tano ilikuwa imevimba mbavu zote, inatoa sauti ndogo ya kufyonza, na hewa yake ile inayowaka haraka kuliko petroli ilikuwa inatambaa kuelekea kwenye meko. Kutoka pale hadi kwenye moto, mtu angenyoosha miguu akafika.

Nikakimbilia ndani kuzima ukutani. Nyuma yangu nikasikia, "Mtani kaenda kuiba nyama!" Nikatoka mbio, nikapiga kelele, "Zimeni moto! Ondokeni hapa! Betri itapasuka!"

Vigelegele. "Mtani kaanza! Mtani kaanza!"

Nikachukua ndoo, nikamwaga kwenye jiko la kwanza. Majivu yakaruka, wali ukaingia maji, wanawake wakapiga makofi, na binti mmoja mwenye bidii akachukua kijinga cha moto kutoka jiko la pili akaliwasha tena la kwanza. Nikamwaga la pili. Wakaliwasha. Nikamvuta kikongwe mmoja mkono ainuke, akajilaza chali makusudi, akasema mtani anibebe basi, si ndiyo kazi yenu. Nilikuwa nafanya kila linalopaswa kufanywa, na kila nililofanya ndilo hasa mtani hufanya msibani. Hakuna siku niliyosifiwa kwa utani kama siku ile.

Wanaume wakarudi kutoka makaburini. Idi akanikuta na ndoo mkononi, nimelowa, kanga imenivuka. Akacheka mpaka akashika magoti. Akatoa sarafu, akanitia kiganjani kama desturi. "Haya chukua chako, Mnyamwezi, tuachie moto wetu, watu wana njaa."

Mtani akishapewa, anaachia. Ndiyo sheria. Nikaidondosha ile sarafu chini.

Kicheko kikapungua kidogo. Mtu akasema mwongezeeni kuku. Wakaleta kuku kweli, nikamwachia akakimbia. Sasa wakaanza kutazamana, maana mtani asiyekubali kukombolewa hawajawahi kumwona.

"Idi," nikasema. Sikuwahi kumwita kwa jina lake. "Idi mwanangu."

Tabasamu likamtoka usoni. Nikamgeukia mama yake pale mkekani, nikapiga magoti kwenye maganda ya vitunguu. "Shikamoo, dada Zainabu," nikasema, nikaanza kulia kama mtoto mbele ya watu wote. "Nakuomba. Waondoe watu hapa, dada yangu. Nakuomba sana."

Unasikia betri tu inavyofyonza.

Bi Zainabu akaweka kisu chini. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Mtani haombi. Mtani huchukua." Akainuka na kile kiuno chake kilichopona. "Huyu anaomba! Inukeni! Inukeni wote!"

Hapo hawakungoja la pili. Vikongwe walibebwa mzobemzobe, kuni zikaburutwa, masufuria yakaachwa. Idi alitaka kuikimbilia skuta yake, nikamshika shati, nikamwambia ukiigusa nakuua, na safari hii aliniamini. Tukashuka wote mpaka kwenye migomba. Sijui kama ni kaa lililodondoka wakati wa kuburuta kuni au ni nini, lakini tulikuwa hatujapumua vizuri tuliposikia mlio. Kifuniko cha betri kilitua kwenye bati la nyumba ya jirani. Mto wa sponji uliruka juu ya ukuta ukiwaka.

Hakuumia mtu. Tuliporudi tuliukuta mkeka upo pale pale, vitunguu juu yake, umetobokatoboka wote kwa tindikali. Bi Zainabu aliupitisha mkono kwenye matundu, pale alipokuwa amekaa.

"Kumbe ndiyo maana kiti kilikuwa na joto," akasema.

Idi alikaa chini kwenye majivu, akalia. Walimwacha, maana ni msibani, hakuna aliyeuliza analia nini.

Skuta nilimtengenezea upya. Vilikuja vitu vya kweli kutoka Dar, kontrola ya kuvumilia, swichi ya kuachia kwanza ndipo ishike, breki mpya, na ya tano ikapata chaja yake na nafasi yake chini, mbali na makalio ya mtu. Ikawa inakwenda vizuri kuliko ile ya feni. Pale Msamvu wakaacha kumwita Friji. Ningependa kuwaambia nilifurahi.

Mchana wa kwanza alipoileta kuchaji, alisimama mlangoni, akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Nikasema marahaba, nikidhani ni mwanzo wa tusi jipya. Nikangoja. Tusi halikuja. Akakaa kwenye benchi mikono magotini. Nikamchokoza: "Mluguru, ule mguu mfupi umeshalingana na mwenzake?"

"Ndiyo, mama."

Ndiyo mama! Kesho yake hivyo hivyo. Asante mama, samahani mama, naomba maji mama. Bi Zainabu naye akaanza kuniita dada, akawa ananiletea ndizi, na kuku wangu ambao zamani angejichukulia sasa aliwaangalia tu kwa heshima. Nilikuwa nimemwokoa mtu, nikampoteza mtani, na niwaambie ukweli, iliniuma. Iliniuma kama msiba, na msiba wenyewe haukuwa na mtani wa kuja kunichekesha. Nilimtukana Idi kila tusi nililolijua, mengine nikayatunga. Alikuwa anainamisha kichwa na kusema sawa mama. Heshima ni kitu kizuri, watoto wangu, lakini usiombe uipate yote kwa mkupuo.

Mwaka huu magoti yakaniambia basi. Nikatangaza nafunga banda. Siku ya mwisho walikuja wengi, wakasema maneno mazuri, kwamba mimi ni mama wa wote, nguzo, mwanga. Ukisifiwa hivyo ukiwa hai unajipapasa kama bado unapumua. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda alichoniachia Mzee Mbaraka, ambacho sijawahi kumkopesha mtu hata kwenye harusi.

Skuta ikaja. Nikamwona Idi anaachia mkono kwanza, anageuza swichi kurudi nne, ndipo anafunga breki, kama nilivyomfundisha. Akashuka. Hakusema shikamoo. Akapita katikati ya watu, akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia kanga mpaka kandambili.

"Huyu Mnyamwezi bado hajafa?" akawauliza watu. "Kaburi tumelichimba tangu mwaka jana. Linajaa maji tu."

Watu wakashtuka. Jirani mmoja mgeni akasema, "Kijana, adabu!" Idi hakumsikia. Akanishika kiwiko, akaniinua taratibu kabisa, akakichukua kigoda changu, akakifunga nyuma ya skuta kwa mpira wa tairi.

"Rudisha kigoda changu, mwizi wewe, mla magimbi!"

"Ukikitaka kifuate mlimani. Na uje kwa miguu, si mmezoea nyie?"

Nilimtukana mpaka alipopotea kwenye kona, huku nalia na kucheka, na wale waliokuja kuniaga wakidhani uzee umenipanda kichwani.

Kigoda kipo kwa Bi Zainabu mpaka leo. Nimepanda mara nyingi kukifuata. Nakikalia, nakula ndizi zao, nachukua kuku, nashuka bila kigoda. Idi ndiye hunishusha, na mteremko wote swichi iko kwenye nne, haigusi. Wananiuliza nitakikomboa lini. Nawaambia wasubiri nife, si kaburi lipo tayari.

Haya, vaeni pete zenu.